Mazungumzo na Mwandishi au Jukwaa la Mashairi: Uchague Kipi Kwenye Tamasha la Fasihi?

Ratiba ya tamasha la fasihi ikishatoka, kichwa huanza kuuma mahali pamoja. Saa ileile, siku ileile, mwandishi wa riwaya uliyosikia ikisifiwa mwaka mzima anahojiwa kwenye ukumbi mkubwa, na kwenye ukumbi mdogo wa nyuma washairi sita wanapanda jukwaani. Huwezi kujigawa. Rafiki mmoja anakwambia mashairi yatakuchosha, mwingine anakwambia mahojiano ya waandishi ni yale yale kila mwaka. Wote wawili wana ukweli kiasi, ila kila mmoja anaongea kwa machungu ya siku moja iliyomwendea vibaya.

Hapa vyote viwili vinapimwa kwa vigezo vilevile, ili ukiishika ratiba uwe na cha kuamulia zaidi ya jina lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Cha kupima kabla ya kuchagua

Cha kwanza ni utakachoondoka nacho. Wapo wanaotaka kuelewa kitabu kilivyoandikwa, wapo wanaotaka kumwona tu aliyekiandika, na wapo wanaotaka maneno mazuri yawaingie jioni moja, basi. Hizo ni haja tatu tofauti, na ni nadra kutoshelezwa zote na ukumbi mmoja.

Cha pili ni maandalizi: usiposoma chochote kabla ya kwenda, utaambulia nini? Cha tatu ni nafasi yako ukishakaa, maana kuna vikao ambavyo msikilizaji kazi yake ni kusikiliza tu, na vingine ambavyo ukumbi usipoitikia mambo hayaendi. Cha nne nakiita kazi ya sikio: ukipitwa na sentensi mbili, unaweza kuunganisha na kuendelea, au ndiyo umeshapotea? Cha tano ni namna kikao kinavyoharibika, kwa kuwa kila aina ina ugonjwa wake. Cha sita watu wengi hukisahau: hiki ninachokiacha leo, nitakipata kwa njia nyingine kesho?

Ukubwa wa hadhira sikuuweka, na ni makusudi. Kuna dhana kwamba mazungumzo ndiyo hujaza kumbi na mashairi ni ya watu wachache kwenye pembe. Mwaka 1956 T. S. Eliot alisimama kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mbele ya watu wanaokaribia 14,000. Mwaka 1965 kundi la washairi lilisoma kazi zao kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London, na watu wapatao 7,000 wakaja. Umati unaweza kufurika kokote.

Tofauti iliyo chini ya nyingine zote

Huo mfano wa Eliot una jambo ndani yake. Eliot alikuwa mshairi, na pengine ndiye mshairi wa Kiingereza aliyejulikana kuliko wote wakati ule, lakini siku ile hakwenda kusoma mashairi. Alikwenda kutoa mhadhara kuhusu uhakiki wa fasihi. Jina la mshairi kwenye bango, kwa hiyo, halikuambii kwamba utasikia mashairi.

Mwandishi anapohojiwa, kazi yake haipo jukwaani. Ipo kwenye meza ya vitabu nje, au nyumbani kwako ikiwa umeshainunua. Unachopewa ukumbini ni habari za ile kazi: ilianzaje, ilikwama wapi, ni nani aliyemkasirisha hadi akaiandika. Kwenye jukwaa la mashairi mambo ni kinyume: kazi yenyewe ndiyo inayotendeka mbele yako, na maelezo, kama yapo, ni ya sekunde chache katikati ya shairi na shairi. Ukilishika hilo, nusu ya uamuzi imekwisha. Jiulize kama leo una kiu ya kazi au kiu ya habari zake. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine, ila mtu mwenye kiu ya moja akipelekwa kwenye nyingine hurudi akilalamika.

Mazungumzo na mwandishi

Muundo wake unajulikana. Viti viwili, maiki mbili, mwandishi na mwongozaji. Kikao huwa cha saa moja au pungufu kidogo: sehemu kubwa ni mahojiano, inayobaki ni maswali ya ukumbini, halafu foleni ya kusainiwa vitabu.

*Unachoondoka nacho.* Maelezo, na yakiwa mazuri ni maelezo ambayo kitabu hakiwezi kukupa. Mwandishi anaweza kueleza kwa nini alifuta sura nzima, au kwa nini mhusika aliyepangiwa kufa alibaki hai. Kwa anayejifunza kuandika, hayo ni darasa. Usichokipata sana ni maandishi yenyewe. Wengi husoma kipande kifupi, dakika tano hivi, kisha kitabu kinafungwa. Haikuwa hivyo siku zote: mwandishi wa riwaya Mwingereza Charles Dickens alipoanza kusoma mbele ya watu kwa malipo mwaka 1858 hakukuwa na wa kumhoji. Alisimama peke yake kwenye meza ya kusomea aliyoibuni mwenyewe, akiwa na nakala alizozipunguza kwa ajili ya jukwaa, akawaigiza wahusika wake mmoja mmoja kwa sauti tofauti. Ikiwa hicho ndicho unachokitamani, tafuta kwenye ratiba neno “usomaji”. Likiandikwa “mazungumzo”, tarajia mazungumzo.

*Maandalizi.* Hapa ndipo kikao hiki kinapodai zaidi. Ukiwa umesoma kitabu, kila jibu lina mahali pa kutua. Usipokisoma bado utafurahia, hasa mwandishi akiwa msemaji mzuri, lakini kuna dakika ambazo ukumbi mzima utacheka kwa jambo la ukurasa wa mia na kitu nawe utabaki kuangalia kiatu cha jirani. Pia kuna hatari ya kuharibiwa mwisho wa hadithi. Waongozaji makini hujihadhari na hilo, wauliza maswali wa ukumbini hawajihadhari hata kidogo.

*Nafasi yako.* Muda mwingi ni wa kukaa na kusikiliza, na kwa watu wengine hiyo ni raha tupu. Nafasi yako halisi huja mara mbili. Ya kwanza ni maswali, ambapo mkono unaoinuliwa mapema ndio unaoonekana, na anayekaa karibu na njia ndiye anayefikiwa na maiki. Ya pili ni foleni ya saini. Mwandishi anauliza aandike jina la nani, msaidizi ameshakupa kikaratasi uliandike ili lisikosewe, na una nusu dakika ya kusema jambo moja. Litayarishe ukiwa bado kwenye foleni, maana ukifika mezani ulimi huwa mzito.

*Kazi ya sikio.* Nyepesi kiasi. Mazungumzo hujirudia kwa asili yake. Ukipitwa na jibu moja, swali linalofuata hukurudisha kundini. Ndiyo maana kikao cha namna hii hakimtupi aliyechoka, wala anayesikiliza kwa lugha ambayo si yake ya kwanza.

*Kinapoharibika.* Mara nyingi mkosaji si mwandishi, ni mwongozaji. Ishara ya kwanza ni swali la ufunguzi. Akianza na “tueleze kidogo kuhusu kitabu chako”, yaelekea kitabu hakijafunguliwa. Mwongozaji aliyesoma hutaja tukio, hutaja ukurasa, humuuliza mwandishi kwa nini mama yule alinyamaza pale mlangoni. Aina nyingine ya uharibifu ni mwongozaji anayependa sauti yake, ambaye swali lake huchukua dakika tatu na jibu dakika moja. Ushauri wangu ni kwamba jina la mwongozaji litazamwe kwa makini sawa na la mwandishi. Mwandishi mkimya akipata mwongozaji hodari, kikao huwa kitamu kuliko cha mwandishi maarufu aliyeachwa ajiongoze.

Halafu kuna maswali ya ukumbini. Unamjua yule. Anasimama, anashukuru waandaaji, anasema “mimi sina swali, nina mchango”, na mchango unaanzia utotoni mwake. Au swali lake lina sehemu tatu, na ya tatu ina vipengele. Mwongozaji mzuri humkata kwa upole. Mbaya humwachia, na dakika kumi zilizobaki zinakwenda na maji.

*Kupatikana tena.* Huu ndio udhaifu mkubwa wa mazungumzo na watu hawausemi. Mwandishi aliyetoa kitabu kipya huzunguka nacho, na binadamu yeyote akiulizwa swali lilelile mara nyingi hujenga jibu lilelile, pamoja na mzaha wake na mahali pa kutulia. Aidha, matamasha mengi hurekodi vikao vya ukumbi mkubwa na kuviweka kwenye intaneti. Kabla hujaamua, mtafute mwandishi huyo kwenye mahojiano ya karibuni. Ukisikiliza robo saa ukaona ameshajibu yote uliyotaka kuuliza, saa yako moja imekuwa huru. Akiwa ni mtu asiyehojiwa mara kwa mara, au amewekwa na mwandishi mwingine ambaye hawakubaliani kabisa, hilo halitajirudia, nenda.

*Vipi kuhusu jopo?* Jopo ni ndugu wa mazungumzo, ila fanya hesabu kabla ya kuingia. Saa moja, toa dakika tano za utangulizi na kumi na tano za maswali, zimebaki arobaini. Wanajopo wakiwa wanne, kila mmoja ana dakika kumi. Ukimfuata mwandishi mmoja tu, kumi ni chache mno. Ukifuata mada, mathalani tafsiri, au kuandika kuhusu vita, au namna wahariri wanavyochagua miswada, jopo hukupa pande nne kwa mkupuo, na mara nyingi la maana huja pale wanajopo wanapoanza kujibizana wenyewe na kumsahau mwongozaji.

*Kinamfaa nani.* Msomaji aliyekimaliza kitabu na ana swali linalomkera. Anayetaka kujua kazi ya uandishi inavyokwenda kwa ndani. Anayependa kukaa, kutulia na kufikiri. Na asiyependa kutazamwa, kwa sababu gizani kwenye ukumbi mkubwa hakuna anayekudai chochote.

Jukwaa la mashairi

Hapa jina moja linabeba vitu vitatu na wengi hujikuta kwenye kimoja wakidhani wamekuja kwa kingine. Kuna usomaji na ughani, ambapo washairi walioalikwa hutoa kazi zao kwa zamu. Kuna mashindano, maarufu kwa mtindo wa slamu. Na kuna jukwaa huria, ambapo yeyote aliyeandika jina mlangoni hupanda.

*Unachoondoka nacho.* Sauti. Shairi ulilolisoma mara kumi kitabuni, ukilisikia kinywani mwa mtunzi unagundua alikuwa anavuta pumzi mahali ambapo wewe hukuona hata mkato. Kwenye shairi la arudhi, yaani lenye kanuni za vina na mizani, jambo hili ni wazi zaidi. Chukua tarbia ya kawaida: mishororo minne kila ubeti, mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Kwenye karatasi hayo ni masharti. Kwenye ghani ni ngazi ambazo sikio linapanda. Ubeti wa kwanza unasikiliza, ubeti wa pili umeshajua kina kitaangukia wapi, ubeti wa tatu mgani anafika kwenye kiitikio na kabla hajakimaliza ukumbi umeshakipokea. Mahojiano hayawezi kukupa hilo hata yawe mazuri vipi.

Shairi huru lina njia nyingine. Mvutano kati ya washairi wa mapokeo na wale wa shairi huru ulikolea miaka ya sabini, Euphrase Kezilahabi, mshairi wa Tanzania aliyeandika shairi huru, alipotoa diwani yake ya kwanza mwaka 1974, na malumbano yale ninawaachia wenyewe. Kwa msikilizaji tofauti iliyopo ni ya vitendo. Shairi huru halikupi kina cha kushikilia, hivyo msomaji wake lazima alibebe kwa taswira, kwa kunyamaza na kwa mwendo wa sauti. Anayejua kusoma atakuacha umeduwaa. Anayesoma kama anasoma orodha ya waliohudhuria atakupoteza kwenye mstari wa tano. Ukiona kwenye ratiba jioni ya mashairi huru matupu, ulizia kama washairi hao wanajua jukwaa, kwa sababu si kila fundi wa karatasi ni fundi wa maiki.

Slamu yenyewe ni mchezo, na ukiujua mchezo unaufurahia mara mbili. Ulianzishwa Chicago na Marc Smith, mshairi aliyekuwa mfanyakazi wa ujenzi, na tangu mwaka 1986 akauweka kwenye klabu ya jazi iitwayo Green Mill. Alichoka na usomaji wa mashairi uliopooza, akaamua kuwapa wasikilizaji mamlaka. Kanuni zilizoenea ni hizi: shairi liwe la kwako mwenyewe, hakuna ala za muziki, hakuna vifaa wala mavazi ya kuigizia, na muda ni dakika tatu. Kuna msamaha wa sekunde kumi, baada ya hapo nusu alama hukatwa kwa kila sekunde kumi unazozidisha. Waamuzi watano huteuliwa kutoka kwenye hadhira, kila mmoja akitoa alama kati ya sifuri na kumi, pamoja na desimali. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, zinazobaki tatu hujumlishwa, na kilele ni 30.

Angalia meza ya waamuzi. Mmoja anainua kibao cha 9.1, jirani yake 7.8, ukumbi unazomea, mwenye 7.8 anajitetea kwa mabega. Kabla ya mashindano mshairi mmoja hupanda bila kushindana ili waamuzi wapimie mkono wao kwake. Hata hivyo alama huwa na tabia ya kupanda usiku unavyoendelea, na anayepangwa wa kwanza huumia. Kila mshiriki anajua hivyo na bado anapanda. Usiende slamu ukitafuta haki kwenye alama. Alama ni kuni za moto, na waliobobea husema wazi kwamba mshairi bora wa usiku si lazima ashinde.

*Maandalizi.* Hakuna. Hii ndiyo sifa kubwa ya jukwaa la mashairi kwa mgeni: huhitaji kuwa umesoma chochote, maana kazi inaanza na kuisha mbele yako. Kinachosaidia ni kujua tu ni aina ipi kati ya hizo tatu.

*Nafasi yako.* Kubwa. Kwenye ghani unaitikia, kwenye slamu unashangilia, unazomea, na unaweza kujikuta umekabidhiwa kibao cha uamuzi. Ukiombwa na hutaki, kataa tu, wapo wengi wanaotamani. Kwenye jukwaa huria unaweza kuwa mshairi mwenyewe. Orodha hufunguliwa kabla ya kuanza na hujaa haraka, dakika ni chache, na mshereheshaji hukata maiki bila huruma. Chagua shairi moja fupi. Watu huja na mashairi manne wakidhani watasoma yote kwa haraka, na haraka ndiyo inayoyaua.

*Kazi ya sikio.* Nzito. Shairi la ukurasa mmoja huisha ndani ya dakika mbili hivi na halirudii. Mstari uliokupita umekupita. Mimi baada ya washairi wanne mfululizo sikio langu hujaa, hata wakiwa wazuri kiasi gani, na waandaaji wanaojua kazi yao huingiza muziki au mapumziko. Ukiona ratiba ya saa mbili za mashairi bila pumzi, panga kuingia sehemu yake tu.

Lugha nayo ina uzito wake hapa. Tamasha la Medellín, Kolombia, lililoanza mwaka 1991 na ambalo ni la mashairi matupu, limezoeza hadhira yake kumsikiliza mshairi kwa lugha yake kwanza, kisha tafsiri ya Kihispania inasomwa. Kwa utaratibu huo hata shairi usilolielewa neno hukuachia mdundo wake. Pasipo na tafsiri, msikilizaji asiyeijua lugha hubaki na mdundo tu, na mdundo pekee hautoshi jioni nzima.

*Linapoharibika.* Ugonjwa wa kwanza ni mshairi anayeeleza. Dakika nne za “shairi hili niliandika wakati ambapo”, kisha shairi la dakika moja ambalo tayari limeshafafanuliwa lote. Wa pili ni ile sauti ya kishairi ya kuazima, inayopanda mwishoni mwa kila mstari, ileile kwa shairi la msiba na la harusi. Wa tatu ni spika mbovu. Mahojiano yanastahimili ukumbi wenye mwangwi, shairi halistahimili. Kwenye jukwaa huria ongeza kutotabirika: utasikia kipande kitakachokukaa moyoni na utasikia beti ambazo mtunzi angeziacha zilale kwanza. Ndiyo hali yake. Anayekwenda jukwaa huria akidai ubora wa kila dakika amepotea njia. Faida ya mashairi ni kwamba baya ni fupi. Mahojiano mabaya ni saa nzima.

*Kupatikana tena.* Maandishi utayapata kwenye diwani, kama ipo. Usiku wenyewe hapana. Video ya slamu bila hadhira pembeni yako hupoa, na ghani iliyorekodiwa haikupi nafasi ya kuitikia. Kwenye kigezo hiki peke yake mashairi yako mbele, isipokuwa mshairi anayesoma kitabuni bila kuinua uso. Huyo mnunulie diwani ukamsome nyumbani.

*Linamfaa nani.* Mgeni wa fasihi ambaye hajasoma chochote na anaogopa kuonekana mshamba. Kundi la marafiki wanaotaka kushangilia pamoja. Mshairi chipukizi. Mtu aliyechoka kusikia watu wakizungumzia vitabu na anataka kusikia kitabu kikizungumza.

Kwa hali yako

Ukiwa umekimaliza kitabu na una swali ambalo umelibeba kwa wiki kadhaa, nenda kwenye mazungumzo na ukae karibu na njia. Swali liwe moja na liwe fupi. Ukiwa hujakisoma na umevutwa na jina tu, mimi ningekutuma kwenye mashairi, kisha usikilize mahojiano yake kwenye rekodi ukishakisoma. Ila kama kumwona mwandishi huyo kwa macho ni jambo lako kubwa, usisikilize hoja zangu.

Ukiwa unaandika nathari na unataka kuchapishwa, panga jopo la wahariri na wachapishaji mbele ya mahojiano ya mwandishi mashuhuri. Umaarufu wake hauambukizi, lakini namna mswada unavyokataliwa ni elimu. Ukiwa unaandika mashairi, kaa kwanza kwenye usomaji wa walioalikwa, sikiliza wanavyopumua, halafu andika jina kwenye jukwaa huria hata kama mikono inatetemeka.

Mwalimu anayepeleka wanafunzi ana mtego wake. Mashairi ya jukwaani huwashika vijana haraka kuliko mahojiano, lakini kwa kawaida hakuna anayeyapitia kabla, na lugha inaweza kuwa kali. Waulize waandaaji kama kuna kikao kilichoandaliwa kwa ajili ya shule. Kisipokuwepo, mahojiano ya mwandishi wa kitabu ambacho darasa limekisoma ni salama zaidi, na wanafunzi wawe na maswali yaliyoandikwa.

Usikivu wako ukiwa hafifu, au lugha ya tamasha ikiwa si yako, mazungumzo yatakubeba vizuri zaidi kwa sababu yanajirudia. Ukiamua mashairi, uliza mapema kama kuna mkalimani wa lugha ya alama, au kama maandishi huonyeshwa kwenye skrini, na kaa mbele unapoona mdomo wa msomaji.

Kama umekuwa tamashani tangu asubuhi na kichwa kimejaa, angalia saa. Waandaaji wengi huweka mashairi usiku kwa sababu nzuri. Tamasha la Ake nchini Nigeria, lililoanzishwa mwaka 2013 na Lola Shoneyin, ambaye mwenyewe ni mshairi na mtunzi wa riwaya, huwa na mazungumzo ya vitabu na majopo mchana, na jioni maalumu ya mashairi. Mpangilio huo unafuata mwili ulivyo: akili ya mchana ina nafasi ya hoja, ya usiku inataka sauti na watu. Jopo la saa mbili usiku ni la mashujaa.

Mkiwa wawili na hamkubaliani, tenganeni. Kila mmoja aende anakotaka, mkutane kwenye meza ya vitabu na msimuliane. Ukumbi wa mashairi, kwa kuwa foleni yake ya saini kwa kawaida ni fupi, ndiko mmoja wenu anakoweza kupata maongezi ya kweli na mtunzi.

Na kama kweli hutaki kukosa vyote viwili, vikao hivi havifanani kwa namna ya kuingia na kutoka. Kutoka katikati ya mahojiano ni utovu wa adabu na kila mtu anakuona. Kuingia katikati ya mashairi kunawezekana, maana kuna upenyo kila shairi linapoisha. Anza na mwandishi, ikifika zamu ya maswali toka taratibu kabla ya foleni ya saini haijakuziba, kisha nenda kwenye mashairi. Ikiwa ni slamu, hujakosa kikubwa: mara nyingi walioshindwa wameshachujwa, na mzunguko wa mwisho ndio unaanza. Simama mlangoni usubiri makofi, ndipo uingie.